Uzi: Kabla ya kuuliza kamera ina zuum ngapi, uliza inahifadhi wapi

LenziKavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila anayeulizia kamera ya video hupewa majibu yaleyale: angalia lenzi, angalia zuum, hakikisha ni 4K (picha kali kuliko HD). Sawa, hayo nayo yana uzito wake. Ila lipo jambo moja ambalo likienda kombo lenzi haikusaidii kitu: picha zikisharekodiwa zinakaa kwenye nini, na zinatoka humo kwa njia gani? Hilo la kutoka ndilo watu hawaliulizi. Boksi la kamera litakuambia inarekodi saa ngapi. Halitakuambia kwamba ili uzitoe hizo saa utahitaji waya ambao haupo tena madukani, au kitako maalumu cha kuikalishia kamera ambacho muuzaji hajui hata kilipotelea wapi.

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane. Anayenunua leo ili arekodi leo, achukue kamera ya kadi ya kuchomoa, na ikiwezekana yenye matundu mawili ya kadi. Aina nyingine zote zina watu wake, na wengi wetu humu si watu wake. Lakini kwa kuwa kamera za mitumba za kila aina bado zinazunguka, nizipitie moja moja.

Kanda. MiniDV iliingia sokoni 1995, utepe wa upana wa milimita 6.35, dakika 60 kwa mwendo wa kawaida wa SP au 90 kwa mwendo wa polepole wa LP. Picha yake kwa ubora wa kawaida ilikuwa safi sana kwa wakati wake, na saa moja ya kanda ikiingia kwenye kompyuta inakula kama GB 13. Tatizo lake ni muda. Hakuna kunakili faili hapa: unaicheza kanda kuanzia mwanzo, kompyuta inapokea huku nawe unangoja, saa moja kwa saa moja. Na waya wake ni FireWire, ambayo Sony waliiita i.LINK, tundu ambalo kompyuta za sasa hazina. Usidanganyike na tundu la USB ubavuni mwa kamera hizo. Nyingi ziliwekewa USB kwa ajili ya picha za mnato zilizo kwenye kadi ndogo, au kuigeuza kamera kuwa ya kuongea na watu mtandaoni. Video yenyewe ya kwenye kanda hutaitoa humo kwa ubora wake.

Baadaye, 2003, ikaja HDV: kaseti zilezile, kasi ileile ya megabiti 25 kwa sekunde, lakini ndani yake picha ya HD, yaani kali zaidi. Ili itoshe ikabidi fremu (picha moja moja zinazounda video) zibanwe kwa makundi badala ya moja moja. Matokeo yake, doa dogo kwenye utepe ambalo kwenye DV lingekuachia viboksi vichache kwenye fremu moja, kwenye HDV linaweza kukumezea karibu nusu sekunde nzima. Ukiona mtu anauza kamera ya HDV pamoja na lundo la kaseti zilizokwisharekodiwa mara nyingi, mshukuru kwa kamera na umwachie kaseti.

DVD. Hitachi walianza 2000. Diski ndogo ya sentimita 8, GB 1.4 kwa upande mmoja, na ukitaka ubora wa juu unapata kama dakika 20. Ahadi ilikuwa tamu: rekodi, toa, tia kwenye deki, familia iangalie. Kwenye ahadi hiyo hapakusemwa habari za kuifunga diski. Kabla hujaifunga kwa kutumia kamera ileile, deki nyingi hazitaisoma, na ukishaifunga DVD-R huongezi tena kitu. Kamera ikifa na diski haijafungwa, umebaki na picha zilizopo ila hazionekani, mpaka utafute mtu mwenye programu ya kuzifukua. Jambo jingine: kompyuta zile zinazomeza diski kwenye upenyo, bila kitrei, usizilishe diski ya sentimita 8. Itanasa ndani. Kwa aina hii sina la kuongeza, msinunue.

Hadi disiki. Hapa ndipo watu wananaswa, kwa sababu namba ni kubwa na bei ya mtumba iko chini. JVC walitoa Everio za kwanza 2004 zikitumia vihadi disiki vidogo vya kuchomoa, mwaka uliofuata zikaja za GB 20 na 30 zilizojengewa ndani, na wengine wakafuata. Unarekodi siku nzima bila kubadilisha kitu. Lakini ndani mna sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea juu yake kwa mto mwembamba wa hewa. Ukiidondosha, kichwa kinakwaruza sahani. Ukipanda nayo mlimani, hewa inakuwa nyepesi, mto unapungua. Ndiyo maana miongozo ya kamera hizo huonya usiitumie juu ya kimo fulani, kwa kawaida kuanzia mita 3,000. Hata mtikisiko wa spika kubwa ukisimama karibu nazo unaweza kuifanya isimamishe kurekodi ili ijilinde. Hebu fikiria mpiga picha wa sherehe ambaye kamera yake inaogopa muziki.

Kumbukumbu ya ndani, ile isiyo na kitu kinachozunguka. Hii haiogopi kudondoka wala mlima. Ubaya wake ni kwamba imegandishwa kwenye bodi: tundu la USB likilegea au bodi ikiungua, picha zimefungiwa ndani ya kamera iliyokufa. Kama akiba ya dharura pale kadi inapojaa, ni nzuri sana. Kama hifadhi pekee, hapana.

Kadi. Haina kinachozunguka, unaichomoa, kamera ikifa kadi inaishi, unaisoma kwenye kompyuta yoyote kwa kisomeo cha kawaida, na ikijaa unatia nyingine. Kadi nazo zina mitego yake, na naona tuijadili humu badala ya mimi kuhubiri peke yangu.

Karibuni.

MzeeWaKanda

Mleta uzi umeandika vizuri, ila kanda umeionea.

Mimi nimerekodi kwa kanda tangu zile kaseti za analogi za Hi8. Kanda ikijaa naitoa, nasukuma kile kichupo cha mgongoni ili isirekodiwe tena, naandika tarehe kwenye lebo, inakwenda kabatini. Imeisha. Ndiyo nakala yangu. Ninyi wa kadi mnafanyaje? Mnarekodi, mnahamishia kwenye kompyuta, mnafuta kadi ili mwirudie. Kompyuta ikifa, na vilivyomo vimekwenda. Vijana wangapi humu wana video za watoto wao wakiwa na mwaka mmoja? Muwaulize ziko wapi. Watakwambia "zilikuwa kwenye laptopu ya zamani."

Tena kanda ikiharibika inaharibika kipande. Kadi ikiharibika inaondoka na vyote.

LenziKavu (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuhifadhi umenibana na nakubali: kanda ilimlazimisha mtu kuhifadhi hata kama ni mvivu, kwa kuwa kuifuta ilikuwa kazi kuliko kununua nyingine. Kadi inamhitaji mtu mwenye nidhamu. Na kadi yenyewe si mahali pa kutunzia; chaji zilizomo ndani hupungua taratibu ikikaa miaka bila umeme. Kwa hiyo anayenunua kamera ya kadi ajue ananunua pia diski mbili za nje, moja ikae nyumba nyingine kabisa.

Lakini mzee wangu, kanda yako inaishi, mashine ya kuichezea haiishi. Mpira wa ndani unalegea, kichwa kinalika, vipuri hakuna. Ukiwa na kabati la kanda na kamera moja tu inayozicheza, una nyaraka zote na msomaji mmoja mgonjwa.

MzeeWaKanda

Marahaba. Msomaji wangu si mgonjwa, ana kikohozi kidogo tu. 😄

Mgeni_wa_Jukwaa

Shikamooni wakubwa, heshima kwa rika zangu. Uzi umenikuta wakati mwafaka. Kuna mtu ananiuzia kamera ya hadi disiki ya GB 120, anasema inarekodi zaidi ya saa 30. Lenzi iko safi, haina mikwaruzo. Nataka nirekodie shughuli za familia na michezo ya shule. Nichukue?

DadaMhariri

Mdogo wangu, ngoja kwanza. Mimi nahariri, faili za watu wa kamera hizo zinapita mezani kwangu. Kabla hujatoa hela mwombe muuzaji vitu vitatu.

Kwanza akuonyeshe inavyounganishwa na kompyuta, hapohapo mbele yako. Nyingi za zamani hazina tundu la USB la kawaida kwenye mwili wa kamera. USB iko kwenye kitako cha kuikalishia, na chaji ya kamera nayo inapitia hukohuko. Kitako kimepotea? Umenunua kisanduku kilichojaa picha ambazo huwezi kuzitoa. Usikubali kuambiwa "waya nitakutafutia."

Pili, arekodi dakika mbili na kamera uitegee sikio. Hadi disiki nzima ina mvumo mwembamba usiobadilika. Ukisikia kugonga-gonga, au kamera ikachelewa kuanza kurekodi kila mara, rudisha.

Tatu, faili zake ni za aina gani. Za ubora wa kawaida nyingi hutoa faili zinazoishia na .MOD, na kando yake kuna kifaili cha .MOI. Hiyo .MOD ni MPEG-2 ya kawaida, ukibadilisha jina kuwa .MPG programu nyingi zinaifungua. Lakini ile taarifa kwamba picha ni pana, 16:9, imeandikwa kwenye kile kifaili kidogo. Watu wanakitupa wakidhani ni takataka, kisha wananiletea video watu wote wamerefuka kama vijiti. Narekebisha, ila inabidi niiambie programu faili moja baada ya nyingine.

Na saa 30 alizokuambia ni za ubora wa chini kabisa. Muulize za ubora wa juu ni ngapi, utaona namba inavyosinyaa.

LenziKavu (mleta uzi)

Niongeze tu: muulize pia kama ina tundu la kadi. Baadhi zina vyote viwili, na kwenye menyu unachagua video iende kwenye kadi. Hiyo ukiipata, hadi disiki unaisahau kama haipo. Ila angalia kuna nyingine tundu lake la kadi ni la picha za mnato tu. Jaribu, usiamini mdomo.

Mgeni_wa_Jukwaa

Nimemuuliza. Kitako hana, na hana kadi ya kujaribia. Nimeachana nayo. Asanteni sana, dada umeniokoa.

Sasa nimehamia kwenye za kadi. Nimeona moja ya 4K. Kadi zina maandishi mengi, C10, U3, V30, SDHC, SDXC, nashindwa kuelewa. Zote si kadi tu?

Megabaiti

Hapa ndipo pangu. Twende taratibu.

Herufi hizo zinajibu maswali mawili tofauti. SD, SDHC na SDXC zinajibu "inabeba kiasi gani na imepangwaje ndani." SDHC ilikuja 2006, inaishia GB 32 na inatumia mpangilio wa FAT32. SDXC ikaja 2009, inaanzia juu ya GB 32 kwenda mpaka TB 2, inatumia exFAT. Maana yake kwako: kamera ya zamani iliyoandikwa SDHC peke yake usiipelekee kadi ya GB 64, ukashangaa inasema kadi haifai. Kadi ni nzima, kamera ndiyo haijui kusoma mpangilio huo.

C, U na V zinajibu "inaandika kwa kasi isiyopungua ngapi." C10, U1 na V10 zote ni megabaiti 10 kwa sekunde. U3 na V30 ni megabaiti 30. V60 na V90, jihesabie.

Sasa watu wanapochanganya ni hapa: kamera hutaja kasi kwa megabiti, kadi hutaja kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 12.5. Kadi ya C10 inakuahidi 10. Unaona? Inaweza ikafanya kazi dakika kadhaa kisha ikasimama katikati na ujumbe kwamba kasi ya kadi ni ndogo, na itachagua kusimama pale usipotaka. Kamera nyingine hata haikuruhusu: ukitia kadi ya chini ya U3, ile kasi ya 100 inakataa kuwaka kwenye menyu.

Ile namba kubwa iliyopambwa mbele ya kadi, megabaiti 100 au 170 kwa sekunde, ni kasi ya kusoma. Inakusaidia wakati wa kuhamishia kwenye kompyuta. Kwenye kurekodi tazama hiyo V au U.

Na ujazo: megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 inakupa kama dakika 85, pungufu kidogo. Kamera ya AVCHD (mfumo wa kurekodi HD kwa kubana) ya megabiti 24 ni GB 10.8 kwa saa, kadi ileile inakaribia saa sita. Kwa hiyo mtu akikuambia "GB 64 inatosha", muulize inatosha kwa kamera ipi.

Mgeni_wa_Jukwaa

Nimekupata mkuu. Kwa hiyo V30, GB 128, mbili. Nimeziona mtandaoni za GB 512 kwa bei ya kutupa kabisa.

Megabaiti

Hizo ndizo za kukimbia.

Kadi bandia si kwamba inagoma. Ingegoma ungejua mapema. Inafanyaje: ndani ina GB 16 au 32 halisi, ila kidhibiti chake kimefundishwa kujitangaza kuwa 512. Kompyuta inaamini, kamera inaamini. Unarekodi vizuri mpaka GB zile za kweli ziishe, kisha inaendelea kupokea huku ikiandika juu ya za mwanzo au ikitupa. Faili unaziona zote kwenye orodha, na ukubwa wake. Ukifungua, tupu.

Kadi yoyote mpya, hata ya duka unaloliamini, ijaze kabla ya kazi. Kuna programu za bure za kufanya hivyo, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Zinaandika data kadi nzima kisha zinaisoma tena na kulinganisha. Kadi kubwa inachukua muda, iache usiku. Ikikujibu kwamba kilichosomeka ni pungufu ya kilichoandikwa, irudishe hukohuko.

Kisha uifomati (uifute na kuipanga upya) kwenye kamera yenyewe, usiifomatie kwenye kompyuta. Kamera inajipangia folda zake inavyotaka.

DadaMhariri

Hapo kwenye folda naomba nisimame, maana mtanitia wazimu.

Kamera za AVCHD, mfumo wa Sony na Panasonic wa 2006, hazitoi faili moja iliyokaa wazi. Ukifungua kadi utakuta folda ya PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, ndani yake STREAM, na huko chini ndiko kuna 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Mtu anachimba mpaka huko, anachomoa za .MTS, ananitumia, nyingine zote anafuta. Sasa kadi ikiwa ya FAT32 hakuna faili inayoweza kuzidi GB 4, kwa hiyo hotuba ya saa moja na nusu kamera imeikata vipande, kila kimoja na jina lake. Maelezo ya kipi kinafuata kipi, na kwamba ni video moja, yamo kwenye zile folda zilizofutwa. Nikiviunga kwa mkono, mara nyingi kwenye kiungio sauti inakatika kidogo. Mkileta folda nzima kama ilivyo, programu inaunganisha yenyewe na husikii kitu.

Kwa hiyo: nakili kadi nzima, kuanzia juu kabisa, kwenye folda yenye tarehe. Kazi moja, folda moja. Usiguse cha ndani.

Nyongeza kwa anayechagua sasa hivi: kamera inayokupa uchague kurekodi MP4 badala ya AVCHD itakurahisishia maisha, ingawa nazo huwa zinakata vipande.

SautiYaUkumbi

Naomba kuuliza wakuu. Mimi narekodi mihadhara na ibada, saa mbili mpaka tatu mfululizo. Rafiki yangu ananiambia niachane na kamkoda, yaani kamera ya video, nichukue kamera ya picha za mnato inayorekodi video, eti picha yake ni nzuri zaidi. Nayo ni ya kadi. Tofauti ni nini basi?

LenziKavu (mleta uzi)

Picha yake inaweza kweli kuwa nzuri zaidi, hasa kwenye mwanga hafifu. Lakini kwa kazi yako fikiria mara mbili.

Kamera nyingi za picha za mnato, hasa za miaka iliyopita, zinasimama zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hilo halikutokana na kadi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na ushuru wa forodha kwa kamera za video, na kifaa kinachoweza kurekodi nusu saa au zaidi kwa mfululizo kilihesabiwa kuwa cha video. Watengenezaji wakaikata kabla haijafika. Za siku hizi nyingi zimeondoa kikomo hicho, ila hapo unaanza kugombana na joto. Kamkoda imetengenezwa isimame kwenye kigoda chake cha miguu mitatu asubuhi mpaka jioni.

Na kamkoda ya matundu mawili ya kadi ina mambo mawili ambayo ndiyo kazi yako hasa. Moja ni kupokezana: kadi ya kwanza ikijaa, ya pili inapokea bila kukata hata fremu, na ya kwanza unaichomoa unatia nyingine huku hotuba inaendelea. La pili ni kurekodi sambamba: kila kitu kinaandikwa kwenye kadi zote mbili. Kadi moja ikifa, ya pili ipo. Huwezi kuyapata yote mawili kwa wakati mmoja, uchague. Kwa tukio lisilorudiwa mimi nachagua sambamba, na nanunua kadi kubwa za kutosha.

SautiYaUkumbi

Nimeelewa. Na hizi kamera za vituo vya televisheni zinazouzwa mitumba? Nimeona moja ya Panasonic, mwili mkubwa, lenzi ya maana, bei iko karibu na kamkoda ndogo mpya. Wanasema ni ya kadi.

Megabaiti

Ni ya kadi, ila muulize kadi gani. Panasonic walitoa P2 mwaka 2004, Sony na SanDisk wakaja na SxS 2007. Ni kadi imara kweli, zilijengwa kwa watu wa habari. Lakini hazikai kwenye kisomeo cha kawaida. P2 inataka tundu la kadi la laptopu za enzi zile au kisomeo chake maalumu, na kadi yenyewe ya ujazo mdogo utaitafuta kwa tochi. Kamera inakuja kwa bei ya huruma kwa sababu muuzaji amebaki na kadi. Akikupa kadi zake na kisomeo chake vyote pamoja, na ukajaribu hadi faili ikafunguka, hapo tunaweza kuongea. Kwa SxS kuna adapta zinazokubali kadi za SD kwenye baadhi ya kamera, zinafaa kwa kazi ya kawaida, ila kwenye kurekodi kwa kasi ya juu sana au mwendo wa polepole hugoma.

Kadi za CFexpress mtakazoziona kwenye kamera mpya za bei kali ni habari nyingine. Zina kasi ya kutisha. Kwa mihadhara hazikuongezei kitu.

DadaMhariri

Na wale wa kurekodi moja kwa moja kwenye SSD ya nje (diski isiyo na kinachozunguka) kwa waya wa USB-C? Mimi nawapenda sana. Wananiletea diski, naichomeka, nahariri humohumo bila kunakili. Ila wafunge ule waya na kitu. Ukiguswa kidogo tu kamera inapoteza diski, na faili iliyokuwa inaandikwa mara nyingi haifungiki vizuri.

Mgeni_wa_Jukwaa

Swali langu la mwisho, msichoke. Ikitokea nimefomati kadi kabla sijahamisha, ndio basi?

Megabaiti

Siyo basi, mradi hujarekodi kitu kingine juu yake. Kufomati kwa kawaida kwenye kamera kunafuta orodha, picha zenyewe bado zimelala pale. Toa kadi, sukuma kile kiswichi cha pembeni kiwe kwenye kufuli, usiirudishe kwenye kamera. Kisha kwenye kompyuta tumia programu ya kufukua faili, PhotoRec ni ya bure. Zilizofukuliwa uzihifadhi kwenye diski nyingine, usizirudishe kwenye kadi hiyohiyo. Video ndefu zilizokatwakatwa humo ndani zinaweza zisirudi zote. Na kama kamera ina chaguo la kufomati kikamilifu, lile linalochukua muda mrefu, na ndilo ulilolitumia, matumaini ni madogo mno.

MzeeWaKanda

Naona kadi zina mengi kuliko kanda. Sisi tulikuwa tunasukuma kichupo tu.

Sasa nami nina swali, msicheke. Kabatini nina Video8 na Hi8 za zamani, kamera yake ilishakufa. Kamera niliyo nayo ni ya MiniDV, haziingii. Nifanyeje?

LenziKavu (mleta uzi)

Hapa, mzee, ndipo ninapomshauri mtu anunue kamera ya kanda bila kusita. Tafuta Digital8 ya Sony. Ilitoka 1999, inatumia kaseti za umbo lilelile la Hi8, na baadhi ya modeli, si zote, zinacheza Video8 na Hi8 za analogi na kuzitoa kama DV kwenye FireWire. Modeli ndiyo ya kuangalia: kitabu chake kiwe kimesema wazi kwamba inacheza kanda za analogi. Kompyuta tafuta ya zamani yenye tundu la FireWire, iache iwe ya kazi hiyo tu, usihangaike na msururu wa adapta kwenye mpya.

Kila kanda kabla ya kuihamisha ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe hadi mwanzo, ili utepe uliolala miaka mingi ujipange upya. Safisha kichwa kwa kaseti kavu ya kusafishia, kidogo tu, sekunde kama kumi, maana inakwaruza.

MzeeWaKanda

Nimezitoa sasa hivi. Mbili nikizitazama kwenye kile kidirisha naona kama unga mweupe ukingoni mwa utepe.

LenziKavu (mleta uzi)

Hizo usiziingize kwenye mashine yoyote. Ni ukungu, utahamia kwenye kichwa, na kila kanda utakayocheza baada ya hapo utaipaka. Zitenge na nyingine leo hii, zikae mahali pakavu ndani ya mfuko wao, na umpelekee anayesafisha kanda kwa kazi hiyo. Hizo nyingine anza nazo, Video8 kwanza.